Ukuta uko Mirerani, mpaka uko Namanga

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, ukakunja kulia kwenye njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, lami itakufikisha Mirerani, na Mirerani itakufikisha ukutani. Ukuta huo una urefu wa kilomita 24.5 na umezunguka vitalu vya tanzanite katika Wilaya ya Simanjiro. Rais John Magufuli aliagiza ujengwe Septemba 2017, siku aliyokuja kuzindua lami hiyohiyo. JKT wakaingia kazini, wakaumaliza kwa miezi michache, na Aprili 6, 2018 Rais akarudi kuuzindua.

Tumezoea kusikia habari za kuta za mipakani. Marekani na Mexico, India na Bangladesh, Israel na Wapalestina. Hapa jirani, Kenya ilianza mwaka 2015 kujenga uzio kwenye mpaka wake na Somalia, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, kazi iliyosimama baada ya kilomita chache. Wa kwetu ni wa namna yake. Hauko mpakani, na haukujengwa kumzuia mgeni asiingie nchini. Umejengwa ndani ya nchi ili Mtanzania asitoke na jiwe bila kuonekana.

Sababu za kuujenga hazikuwa za kubuni. Tanzanite haijapatikana kwingine duniani zaidi ya hapo. Iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo inalojulikana nalo kote. Tangu hapo, kwa nusu karne, mawe yalisafiri mifukoni na kwenye soksi, yakavuka mpaka wa Namanga hadi Nairobi, yakapanda ndege kwenda Jaipur, India, ambako maelfu ya mafundi huyakata na kuyang'arisha. Viongozi wetu walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba Kenya na India zinaonekana kuuza tanzanite nyingi kuliko nchi inayoichimba. Hilo linauma, na lilistahili kuuma.

Mwaka ule wa 2017 hasira hiyo iliingia kwenye vitabu vya sheria. Machi Serikali ilizuia makontena ya makinikia ya dhahabu yasitoke bandarini. Julai Bunge likapitisha, kwa hati ya dharura, Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusu Umiliki wa Maliasili. Mizizi yake ni ya mbali kuliko wengi wanavyodhani: Desemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1803, likitambua kwamba watu wa kila nchi wana mamlaka ya kudumu juu ya maliasili zao. Sheria yetu ilikwenda hatua moja zaidi, ikasema migogoro inayohusu maliasili isipelekwe kwenye mahakama wala mabaraza ya nje. Ukuta wa Mirerani ni sheria hiyo iliyosimamishwa juu ya ardhi. Miezi miwili tu baada ya kura bungeni, amri ya ujenzi ilitoka.

Je, umefanya kazi? Kwa kipimo cha hesabu, ndiyo. Mawe yanayoandikwa yaliongezeka, na mrabaha kutoka kwa wachimbaji wadogo ukapanda mara kadhaa kuliko ulivyokuwa. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa hapo hapo Simanjiro, aliibuka na mawe mawili yaliyozidi kilo 14 kwa pamoja, akaiuzia Serikali kwa shilingi bilioni 7.7, na Rais akampigia simu hadharani kumpongeza. Kabla ya hapo jiwe kama lile lingeweza kupasuliwa vipande na kupotelea njiani. Sioni sababu ya kuubeza ukuta uliomfanya mchimbaji wa Simanjiro auze mali yake mchana kweupe na kulipwa.

Lakini simama langoni saa wanaapolo, yaani wachimbaji wanaoshuka chini, wanapotoka mgodini. Vumbi la kinywe limewafanya weusi kuanzia nywele hadi kucha, mboni za macho tu ndizo zinazong'aa. Wengine wameshinda chini mamia ya mita, wakishuka kwa ngazi na kamba, kwenye joto na hewa haba. Hapo mlangoni wanapanga foleni kupekuliwa. Malalamiko kuhusu upekuzi huo, namna unavyofanywa na heshima inayopotea, hasa kwa wanawake wanaoingia kuchekecha udongo wa mabaki, yamewafikia viongozi zaidi ya mara moja. Mamlaka ya nchi, inayosemwa kwa sauti kubwa bungeni, hapa inaushika mwili wa mtu aliyechoka na kumtaka avue viatu.

Na huko chini ukuta haupo. Juu ya ardhi kuna vigingi, leseni, mipaka ya kitalu B na kitalu C na kitalu D. Mwamba wenye mawe haujui kigingi. Unapinda, unazama, unapita chini ya leseni ya jirani, na mchimbaji anaufuata kwa tindo na baruti mpaka siku moja anatoboa na kukutana uso kwa uso na timu nyingine iliyokuwa ikiufuata mwamba uleule kutoka upande wa pili. Ndiyo mitobozano, chanzo cha ugomvi wa Mirerani kwa miaka mingi, ambao mara nyingine umemwaga damu. Wapimaji huja na ramani kuamua nani amevuka. Wanashuka gizani, wanapima, wanapanda, wanaandika. Siku chache baadaye mwamba unapinda tena.

Jambo kubwa zaidi lililo nje ya ukuta ni bei. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, gazeti moja kubwa la New York liliandika kwamba biashara ya tanzanite inawanufaisha al-Qaeda. Tiffany na wauzaji wengine wakubwa wa Marekani wakaacha kuiuza kwa muda, na bei ikaporomoka. Ilibidi Februari 2002 Serikali na wafanyabiashara wakutane Tucson, Arizona, kutia saini makubaliano ya kufuatilia safari ya jiwe kutoka mgodini hadi dukani. Mwanaapolo ambaye hakuwahi kulisoma gazeti hilo alilala njaa kwa ajili yake. Hakuna ukuta wa urefu wowote ambao ungemkinga. Hadi leo anayejua jiwe lina thamani gani baada ya kukatwa ni yule mwenye mashine, fundi na mteja, na wengi wao bado hawako Arusha wala Mirerani. Mwaka 2010 Serikali ilizuia mawe ghafi yanayozidi gramu moja yasisafirishwe nje, na hatua ile, kwa maoni yangu, ilikuwa na akili kuliko ukuta, maana iligusa mahali penye fedha. Ilihitaji kufuatwa na vyuo, mikopo na mashine za ukataji kwa nguvu ileile iliyoonyeshwa kwenye ujenzi. Haikufuatwa hivyo.

Profesa wa siasa wa Marekani, Wendy Brown, aliandika kitabu mwaka 2010 akidai kwamba kuta nyingi za siku hizi hujengwa na dola zinazohisi mamlaka yao yanaponyoka: mitaji, watu, habari na magonjwa hupita zipendavyo, na dola hujenga kitu kinachoonekana ili raia waone kwamba bado iko. Siikubali hoja hiyo yote kwa Mirerani, maana pale palikuwa na wizi wa kweli na ukuta ukaupunguza. Namanga, hata hivyo, imenifanya niifikirie upya.

Namanga iko kilomita zipatazo 110 kaskazini mwa Arusha, chini ya Mlima Ol Doinyo Orok. Mstari unaopita hapo ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani Novemba 1, 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukiwa umenyooka isipokuwa pale ulipopinda kuuzunguka Kilimanjaro. Wamaasai waliokuwa wakihamisha ng'ombe huku na huko walikuta wako chini ya serikali mbili. Hakuna ukuta pale. Kuna vigingi vya saruji porini, na kati ya kigingi na kigingi kuna nyasi, mbuzi na vijana wa bodaboda wanaozijua njia za panya zote.

Lakini mpaka huo usio na ukuta uliwahi kufungwa kwa ukali kuliko ukuta. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege ndogo za watalii vilikamatwa upande huu. Arusha, iliyokuwa makao makuu ya Jumuiya hiyo na lango la Serengeti na Ngorongoro, ilibaki na majengo makubwa mapya yasiyo na Jumuiya ndani yake, yale tunayoyaita AICC, na mahoteli yaliyozoea wageni wanaotua Nairobi. Ilichukua zaidi ya miaka sita. Novemba 1983 Mwalimu Nyerere, Moi na Obote walikutana hapa hapa Arusha, mpaka ukafunguliwa, na mwaka uliofuata mali za Jumuiya zikagawanywa kwa makubaliano. Wazee wa mji huu walioishi miaka ile hawahitaji profesa wa kuwaeleza mpaka unaweza kufanya nini.

Jumuiya ilirudi kwa mkataba uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999. Sasa ina nchi 8. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010, na Desemba 1, 2018 Magufuli na Uhuru Kenyatta walizindua rasmi kituo cha pamoja Namanga, ambapo msafiri hupita kaunta za nchi zote mbili ndani ya jengo moja, upande wa nchi anakoingia. Nakiona kituo kile kuwa moja ya kazi nzuri za Jumuiya. Dereva wa lori aliyekuwa akilala barabarani sasa anaweza kuvuka siku hiyohiyo. Mama anayevusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani na asitozwe ushuru wa forodha.

Anaweza. Maana kati ya sheria na mama huyo kuna dirisha la ofisi, na nyuma ya dirisha kuna maagizo yanayobadilika. Oktoba 2017, mwezi mmoja baada ya amri ya ukuta wa Mirerani, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga vikiwa hai, kwa hoja ya kuzuia magonjwa ya ndege. Majira hayohayo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada. Mei 2020 madereva wa malori walikwama kwa siku kadhaa nchi mbili zilipobishana nani anapima corona vizuri, na Kenya ikaufunga mpaka kwa abiria. Machi 2021 ilikuwa zamu ya mahindi: Kenya iliyapiga marufuku ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, kisha baada ya siku chache masharti yakalegezwa. Kila mara palikuwa na sababu ya kitaalamu ambayo pengine ilikuwa na ukweli ndani yake. Na kila mara aliyelipa alikuwa mtu ambaye hakuwa chumbani wakati uamuzi ukifanywa.

Kwa mfano, mkulima wa Ngarenanyuki. Kata hiyo iko kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, nyuma ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nyanya zake zinajulikana hadi Nairobi na Mombasa. Msimu ukifika, matenga yanapangwa kando ya barabara ya vumbi, wanunuzi wa Kikenya wanakuja na malori yao, na bei ya siku inategemea kama Namanga kuko shwari. Nyanya haisubiri mkutano wa mawaziri. Mpaka ukisita siku tatu, tenga la juu linaanza kuvuja juu ya la chini.

Ardhi hiyohiyo ya Ngarenanyuki ina historia ambayo kila anayezungumzia mamlaka ya nchi katika mji huu anapaswa kuifahamu. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliuzungushia Mlima Meru mashamba ya walowezi hadi Wameru na Waarusha wakabaki wamebanwa kati ya msitu juu na mashamba ya Wazungu chini, na ng'ombe wao wakikosa njia ya kushukia malishoni. Huo ulikuwa ukuta bila tofali hata moja. Hati za kumiliki ardhi zilitosha. Novemba 1951 Serikali ya Tanganyika iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kupatikane mashamba 13 ya Wazungu. Polisi walichoma nyumba. Wameru walionyeshwa eneo la King'ori wahamie, wengi wakakataa.

Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na wakazi wa nchi za udhamini walikuwa na haki ya kulalamika moja kwa moja Umoja wa Mataifa. Katikati ya 1952, akiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda, Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaieleza dunia yaliyotokea chini ya mlima wake. Azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili katika Baraza Kuu. Hata hivyo Kirilo aliporudi alizunguka Tanganyika akisimulia, na watu waliokuwa wakijiandaa kuanzisha TANU walimsikiliza. Uhuru wa nchi hii, na mamlaka yote tunayoyadai leo juu ya mawe na mipaka yetu, una deni kwa Mmeru aliyeruhusiwa kuvuka mipaka kwenda kuishtaki serikali iliyomtawala.

Ndiyo maana naona ukuta mzito kuliko wote Arusha hauko Mirerani wala Namanga. Uko Barabara ya Dodoma, yalipo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia mjini kwetu mwaka 2007. Mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko la kuwaruhusu raia na asasi kufungua mashauri humo moja kwa moja. Watanzania waliitumia haki hiyo kuliko raia wa nchi nyingine yoyote, wengi wao wafungwa waliolalamika kwamba hawakuhukumiwa kwa haki. Novemba 2019 Serikali ikajitoa kwenye tamko hilo, ikisema lilikuwa likitekelezwa kinyume cha masharti iliyoyaweka, hasa sharti la kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nyumbani. Tangu Novemba 22, 2020, mkazi wa Arusha anayeliona jengo la mahakama hiyo akiwa kwenye daladala hawezi kupeleka shauri lake mwenyewe ndani. Babu yake wa Ngarenanyuki aliweza kufika New York.

Hoja ya Serikali si ya kupuuzwa. Mahakama ya nje inayorukia kesi ambazo za ndani hazijamaliza kuzisikiliza inadhoofisha majaji wa nchi. Lakini dawa ya hilo ilikuwa kubishana mbele ya majaji hao hao, kama Serikali inavyofanya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ikiwa hapa hapa mjini. Vijiji vinne vya Loliondo vilifungua shauri huko mwaka 2017 kuhusu kuondolewa kwenye ardhi. Juni 2022 vigingi vilipokuwa vikiwekwa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500, askari mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na baadhi yao walivuka kwenda Kenya kutafuta matibabu na hifadhi. Mpaka usio na ukuta uliwapa pa kukimbilia. Septemba mwaka huo mahakama ilitupa shauri lao. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kikaamuru lisikilizwe upya. Serikali ilishinda, kisha ikapoteza hatua moja, na nchi haikupungua hata inchi.

Sitaki ukuta wa Mirerani ubomolewe. Nataka upekuzi wa langoni uendeshwe kwa vifaa na kwa adabu, na nataka vijana wa Simanjiro na Arusha wafundishwe kukata jiwe linalotoka ndani yake. Nataka maagizo ya Namanga yatangazwe siku kadhaa kabla ya kuanza kutumika, ili mwenye nyanya ajue asichume. Na nataka tamko la 2010 lirudishwe. Tanzania bado ni mwanachama wa itifaki iliyounda Mahakama ya Afrika, majaji bado wanakaa Arusha, na kinachotakiwa ni hati moja iliyosainiwa na kuwasilishwa Addis Ababa kwenye Umoja wa Afrika. Hakuna jirani anayeizuia, wala mnunuzi wa Jaipur, wala gazeti la New York. Ni uamuzi ambao nchi hii inaweza kuufanya peke yake, wiki yoyote itakayoamua.